Nyota ya Ndoo

Kwenye ukuta wa darasa la tatu, hapa Khawzawl,
ambako ukungu huingia dirishani bila hodi
ukaketi nasi mpaka saa nne,
nimebandika karatasi ya manila:
majina ishirini na sita kwa wima,
na kwa ulalo, tabia za muhula:
Ukweli. Upole. Subira. Ukarimu.
Penye tendo jema, nyota.
Pakiti ni rupia kumi,
gundi yake ina ladha ya peremende.
Najua. Mlambaji ni mimi.

Jumatatu tunasali, kisha tunahesabu.
Zodinpuii alimegea mwenzake nusu ya yai: nyota.
Biaksanga aliomba radhi kabla ya kukamatwa: nyota.
Na kile kibanda cha barabarani kisicho na muuzaji,
tangawizi, matango, kopo la pesa,
darasa zima lilikipitia, likalipa, likajichenjia,
wakabishana juu ya rupia mbili
mpaka kengele ikawapita.
Niliwapa wote nyota,
na wote adhabu ya kuchelewa.

Liansailova alikuwa na kumi na moja.
Mstari wake uling'aa kama bati jipya.
Sikuwahi kusema ni mashindano.
Sikuwahi kusema si mashindano.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya ndoo:
alimbebea maji Bi Darchhingi
vidato sabini na viwili hadi mlangoni.
Alisimulia mwenyewe, tukapiga makofi.

Alhamisi akabaki wenzake wakitoka,
akivuta uzi wa sweta
uliokwisha kufumuka hadi kiwiko.
"Mwalimu, naomba uibandue."
Ipi?
"Ya ndoo."
Kwani hukubeba?
"Nilibeba. Ila yeye alikuwa anaishusha.
Kwa nguruwe wake.
Mimi nikampokonya nikaipandisha.
Aliniita, sikusikia."
Akanyamaza.
"Nilisikia. Nilikuwa nahesabu vidato, nije niseme."
Kisha?
"Akanipa ndizi. Akangoja nikate kona,
akaishusha tena. Nilichungulia."

Sikucheka. Mungu anajua nilichokizuia kifuani.

Miaka kumi na tisa nafundisha.
Msamaria nimemkata kwa mkasi mara kumi na tisa,
na punda wake, na yule majeruhi,
ambaye angalau alikuwa anataka kubebwa.
Nikiibandua, namwadhibu kwa ukweli.
Nikimwongezea moja safu ya Ukweli,
kesho mlangoni nitapanga foleni ya waungamaji.

Nikamkumbuka mama, kila kabla ya kuinjika chungu,
akitenga ukufi mmoja wa mchele wa kanisa,
hata mwaka ule panya walipomaliza shamba.
Ukutani kwetu palikuwa na kalenda tu.

Nikachukua rula ya chuma.
Gundi ya rupia kumi, nani angedhani!
Nyota ilishika, ikang'ang'ania,
ikatoka na ngozi ya karatasi.
Alitazama kama mtu anayeng'olewa jino.
Inauma?
"Kidogo."
Akashika mkoba, akashukuru, akaenda.

Nilipofunga madirisha niliwaona ngazini,
nusu yao imemezwa na ukungu:
ndoo moja, mikono miwili kwenye mpini,
wanateremka, wanagombana,
bibi anataka pole pole,
mtoto anamwaga njia nzima.
Nguruwe walikuwa wakipiga kelele huko chini
kama wanakwaya waliocheleweshewa chai.

Jumatatu nikauliza, nani ana la kusema?
Mikono ikachipuka kila dawati.
Liansailova alikuwa anachonga penseli,
anachonga tu,
mpaka ikabaki ya kushikwa kwa kucha.

Karatasi ingali ukutani.
Mkaguzi alipokuja aliisifu,
akauliza ni nani aliyeichana pale.
Pakiti mpya iko kwenye droo, sijaifungua.
Jicho langu kila asubuhi, kabla ya sala,
huanzia kwenye kile kidoa cheupe.